"PAYPAL *YW" kwenye stetimenti yangu ni nani? Sina hata akaunti ya PayPal

#1 Kibubu
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa kusoma stetimenti.

Nina kadi ya Visa ya benki moja hapa Dar. Kazi yake ni ATM, na mara mojamoja kulipia kitu mtandaoni. Jana nimechapisha stetimenti kwa ajili ya maombi ya viza, nikakuta haya:

02 — PAYPAL *YW****G — 2,631.00 (siku hiyohiyo imerudi)
04/07 — PAYPAL *YW****G 4029357733 HK — 79,173.60
07 — INTL TRXN FEE — 1,583.47

Nyota nne za katikati nimeweka mimi, sitaki kumtaja mtu kabla sijamjua. Ile nyota moja baada ya PAYPAL ni yao.

PayPal sijawahi kufungua akaunti. Hiyo namba ndefu nadhani ndiyo akaunti iliyopokea hela. Nimepiga simu huduma kwa wateja, binti kaniambia "huo ni muamala wa mtandaoni kaka". Hilo hata mimi naliona. Kabla sijaenda kufunga kadi, kuna namna ya kujua huyu YW ni nani?

#2 Chumvi Nyingi
Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Ila kwa haraka haraka muulize shemeji kwanza.

#3 Karani Mstaafu
Kibubu tulia kwanza. Hiyo siyo akaunti ya mtu. 4029357733 ni namba ya simu ya PayPal wenyewe, 402 ni msimbo wa simu wa Nebraska huko Marekani. Utaikuta kwenye stetimenti za watu kila kona ya dunia. Usihangaike nayo, haikuambii aliyeuza.

Mstari unasomwa hivi: kilicho kabla ya nyota ni mpitishaji wa malipo, kilicho baada ya nyota ni muuzaji. PAYPAL kapitisha, YW-nani-huyo ndiye kauza. Nafasi ya jina ni finyu, herufi ishirini na kitu, ndiyo maana majina mengi yanakatwa mkia. HK ni Hong Kong, muuzaji kajisajili huko.

Na hiyo 1,583.47 siyo mwizi, ni benki yako. Piga asilimia 2 ya 79,173.60.

#4 Kibubu
#3 nimepiga, imetoka 1,583.47 kamili. Kwa hiyo mtu kanikata, na benki ikaja kukata juu ya aliponikata yeye. Safi sana.

#5 Binti Tanga
Hiyo ni ile mitego ya "jaribu kwa dola moja". Angalia mpangilio: kwanza 2,631, ambayo ni kama dola moja, halafu baada ya siku chache ndiyo bei kamili. Unaweka kadi ujaribu apu ya kupunguza mwili au ya kusoma PDF, unaisahau, wao hawakusahau. Dada yangu alikatwa miezi mingi na apu ya mazoezi, apu yenyewe ameshaifuta zamani kwenye simu. Alidhani kufuta apu ndiyo kujitoa. Mkataba uko kwenye akaunti, siyo kwenye simu.

#6 Fundi Saa
Siafiki #5. Jaribio la dola moja likifuatiwa na kiasi kikubwa siku mbili baadaye ni dalili ya kadi kujaribiwa. Jamaa wana orodha ya namba za kadi, wanapitisha kiasi kidogo mahali fulani waone ipi iko hai, halafu ndiyo wanakuja kununua. Namba nyingine hata hawaibi, wanabahatisha kwa kompyuta: tarakimu za mwanzo za kadi zinataja benki, kwa hiyo zinajulikana, zilizobaki wanazizungusha mpaka moja ikubali.

Mkuu funga kadi leo. Mambo ya kujua ni nani utayafanya kadi ikiwa imekufa.

#7 Mtu wa Ghala
Kuna jingine mmeliruka. Muuzaji wa halali naye anaweza kuitest kadi, anashika dola moja au hata sifuri aone kama inapumua, kisha anaiachia. Kibubu amesema 2,631 ilirudi siku ileile. Hilo peke yake halithibitishi wizi wala halithibitishi apu.

Mimi naagiza sana Amazon kupitia wasafirishaji. Amazon wanakata pale mzigo unapotoka ghalani, siyo pale unapobonyeza kununua. Oda moja ya vitu vinne inaweza kuja mikato mitatu, siku tatu tofauti, na hakuna hata mmoja unaofanana na jumla niliyoiona kwenye oda. Mwanzoni nilikuwa napiga kelele benki kila mwezi. Sasa nafungua historia ya oda, najumlisha kwa mzigo mmoja mmoja, inakubali.

Na kwenye mistari yao ile "AMZN Mktp US*" ikifuatiwa na herufi na tarakimu za ajabuajabu, hizo siyo jina la muuzaji. Kanuni ya #3 hapo inayumba kidogo.

#8 Nyanya Chungu
Kibubu hebu kuwa mkweli, ile raba nyeupe uliyoiona Instagram "punguzo la asilimia 70, zimebaki 3" uliipata au bado iko njiani? 😂

#9 Kibubu
#8 acha hizo, mimi mguu wangu namba 46, mtandaoni huwa sipati saizi.

#10 Likoni Feri
Salaam kutoka Mombasa. Mleta uzi, kutokuwa na akaunti ya PayPal si hoja. Wanakubali mtu alipe kwa kadi kama mgeni, bila kufungua chochote, kutegemea nchi na duka. Unajaza namba ya kadi kwenye ukurasa wa duka, kumbe nyuma ya pazia anayepokea ni wao. Kwa hivyo yeyote aliyekuwa na namba yako, tarehe na zile tatu za nyuma angeweza, wewe mwenyewe ukiwemo.

Huku Kenya wengi tumehamia kadi pepe ya M-Pesa, ile GlobalPay ya Visa iliyoanza 2022. Naweka pesa ya kile ninachonunua tu. Mwizi akija anakuta mia mbili, aichukue akanywee chai.

#11 Pwani ya Kusini
Kwani bongo PayPal inafanya kazi? Nilijua imefungiwa.

#12 Karani Mstaafu
#11 haijafungiwa. Kilio cha watu siku zote kimekuwa kupokea. Kulipa watu wanalipa miaka yote.

#13 Kaunta Namba Nne
Nafanya kazi benki, sitasema ipi. Mleta uzi, ukipiga simu utaambiwa hayohayo kwa sababu anayepokea anaona karibu kile unachokiona wewe. Nenda tawini, omba wawasiliane na kitengo cha kadi, uliza vitu hivi kwa majina yake:

Kwanza MCC. Ni tarakimu nne zinazotaja aina ya biashara ya muuzaji. 5968 ni mauzo ya kujiunga na kukatwa mara kwa mara, 5818 bidhaa za kidijitali, 5691 nguo za kike na kiume, 7995 kamari. Hapo tu unapunguza nusu ya ubishi wa uzi huu.

Pili, muamala ulipita kwa OTP (ile namba ya uthibitisho ya mara moja inayotumwa kwenye simu) au bila OTP. Hili ni kubwa kuliko yote. Ukipita bila uthibitisho, mara nyingi hasara inaangukia upande wa muuzaji na benki yake, kesi yako inakuwa nyepesi. Ukipita kwa OTP, utaulizwa ilifikaje kwa mtu mwingine wakati simu ni yako.

Tatu, umewekewa alama ya malipo ya kujirudia au ni wa mara moja.

Nne, ARN, namba ya kumbukumbu ya muamala, ina tarakimu 23. Ukiwa nayo hata muuzaji au PayPal hawawezi kukwambia "hatuuoni muamala wako".

Pia #1 umeandika 04/07. Hizo ni tarehe mbili: tarehe 4 kadi imetumika, tarehe 7 hela imetoka rasmi. Ukitafuta risiti kwenye barua pepe, tafuta ya tarehe 4 au hata 3, maana saa za Hong Kong ziko mbele yetu kwa saa tano. Watu wanatafuta ya tarehe 7 wanakosa, wanahitimisha wameibiwa.

#14 Kibubu
#13 ubarikiwe sana. Nimeandika kwenye karatasi. Kesho asubuhi nipo tawini.

#15 haraka_refund
Ndugu pole sana. Mimi pia niliibiwa milioni 2 kuna mtaalamu alinirudishia ndani ya saa moja. Njoo PM nikupe namba yake ya WhatsApp, unalipia usajili kidogo tu.

#16 Chumvi Nyingi
Huyo #15 kajiunga leo saa nane mchana, ujumbe wake wa kwanza ni huu. Moderator!

#17 Fundi Saa
Hawa ndio wezi wa awamu ya pili. Wanasubiri mtu aliyekwisha kuumia ndio waje na dawa. Ipeleke 15040 hiyo.

#18 Kaunta Namba Nne
#17 hiyo 15040 ni ya kuripoti SMS na namba za simu za kitapeli, haihusiki na PM ya humu. Ila kwa faida ya wengine: msigoogle "namba ya huduma kwa wateja ya" kampuni fulani mkapiga inayotokea juu. Matapeli wanalipia matangazo wakae pale juu. Namba ya benki iko nyuma ya kadi yako. Na hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji OTP yako ili akurudishie hela. Hakuna.

#19 Leicester kwa Muda
Nipo Uingereza, nimecheka. Huku tunalindwa na sheria ya 1974 ya mikopo kwa walaji, kifungu cha 75. Ukilipa kwa kadi na mzigo usije, kampuni ya kadi inabeba lawama pamoja na muuzaji. Bongo mtateseka sana.

Halafu #3, huku kwetu mstari wa PayPal mara nyingi una namba nyingine, 35314369001. Hiyo 353 ya mwanzo ni Ireland.

#20 Mhasibu wa Mtaa
#19 usitutishe kwa nusu habari. Kifungu hicho ni cha kadi ya mkopo tu, na bidhaa iwe imezidi paundi 100 bila kuvuka 30,000. Kibubu katumia kadi ya akiba yake mwenyewe na kiasi hakifiki hata paundi 30. Angekuwa hapo Leicester na kadi hiyohiyo kifungu cha 75 kisingemgusa, angebaki na utaratibu uleule wa Visa wa kupinga muamala, ambao na benki za hapa zinao. Visa kwa makosa mengi wanatoa siku 120.

Marekani nao wana sheria yao ya 1974, siku 60 tangu stetimenti itumwe, hasara yako ikiishia dola 50. Nayo ni ya kadi za mkopo.

#21 Leicester kwa Muda
Sawa mhasibu, yameisha. Ila mvua ya huku hamnifikii.

#22 Hesabu Kali
Mimi napenda tarakimu, niacheni niingie. 79,173.60 ukigawa kwa 29.99 unapata 2,640 kamili, haibaki hata senti. Bei za mtandaoni zinapenda kuishia na .99, na benki inapenda kiwango cha kubadilisha kisicho na mkia. Kwa hiyo kitu kiliuzwa dola 29.99 na benki ilitumia 2,640.

Na 2,631 ya tarehe 2 ni dola moja kwa kiwango cha siku hiyo. Kibubu, tafuta kwenye barua pepe neno "29.99", usitafute jina. Jina kwenye risiti litakuwa la duka, na la kwenye stetimenti ni la kampuni.

#23 Mtu wa Ghala
#22 hapo umetisha. Ila tahadhari, kiwango cha kadi hakitoki ubaoni pale benki wala kwenye tovuti ya BoT (Benki Kuu). Mtandao wa kadi una cha kwake, benki inaweza kuongeza chake. Huenda ni bahati tu ikagawanyika vizuri. Jaribu kwa yuro na dola za Hong Kong pia.

#24 Hesabu Kali
Nimejaribu. Yuro ingekuwa 27 na vipande, dola za Hong Kong 230 na ushee. Hakuna inayokaa. 29.99 haijatingishika.

#25 Muscat Mjini
Huku Oman ni jambo la kawaida kabisa. Ubao wa duka unasema kahawa, stetimenti inasema kampuni ya biashara ya jumla. Mwenye duka alisajili kampuni moja, chini yake ana mgahawa, saluni na duka la vipuri, mashine zote zinasoma jina moja. Mke wangu aliwahi kunihoji kuhusu "kampuni ya ujenzi" inayonikata kila Alhamisi. Ni shawarma.

#26 Nyanya Chungu
Kila Alhamisi shawarma bila kumletea mke? Hapo hata mimi ningehoji.

#27 Binti Tanga
Tukirudi kwenye mada. Mwenye stetimenti yenye APPLE.COM/BILL au GOOGLE * aingie kwenye akaunti yake ya simu, kuna orodha ya manunuzi na ya vilivyojirudia. Apple wanaweza kukusanya manunuzi madogo kadhaa wakayakata kwa mkupuo, ndiyo maana kiasi hakifanani na kitu chochote. Na kama mmeunganisha familia, anayelipa ni baba hata kama aliyenunua almasi za gemu ni mtoto wa darasa la tano.

#28 Pwani ya Kusini
Kwenye mistari ya Apple, hiyo CA ya "CUPERTINO CA" ndiyo iliniumiza kichwa. Nikasema Canada mimi na nani?

#29 Karani Mstaafu
CA hapo ni California. Na WA ni jimbo la Washington, ambako Amazon wana makao, siyo Washington DC kwa wakubwa. Mistari ya Marekani inaweka jimbo, ya kwingine inaweka nchi. IE Ireland, LU Luxembourg, SG Singapore. Kampuni kubwa zinapitisha malipo kwenye nchi walikosajili tawi, kwa hiyo unaweza kulipia tangazo la duka lako la Kariakoo hela ikaonekana imekwenda Dublin.

#30 Kibubu
Wakuu nimerudi. Nimetoka benki. Foleni haisemeki, ila nimepata dada mmoja wa kitengo cha kadi anayejua kazi yake. Nilimpa karatasi ya maswali ya #13, akacheka, akauliza "nani kakufundisha?"

Majibu: MCC 5691. Haina alama ya kujirudia. Imepita BILA OTP. ARN nimepewa. Nimejaza fomu ya kupinga muamala, kadi imefungwa, mpya baada ya siku chache.

Barua pepe nimetafuta "29.99" kama alivyosema #22. Hakuna risiti. Kuna tangazo moja la zamani la mkoba wa kike, lakini bei ni 24.99, na hilo nililifungua tu sikununua.

#31 Fundi Saa
Bila OTP! Nilisema mimi #6. Kadi imejaribiwa, mwizi kanunua nguo. Kesi imefungwa.

#32 Binti Tanga
Haijafungwa. Maduka mengi ya nje hayaombi OTP hata ukinunua wewe mwenyewe kwa mkono wako. Kukosekana kwa OTP kunamsaidia kwenye madai, hakutuambii nani kabonyeza. Na mwizi gani ana kadi nzima mkononi anaridhika na nguo ya dola 29.99? Angechukua simu.

#33 Fundi Saa
Mwizi mwenye kadi elfu moja hahitaji simu kwenye kadi moja. Akichukua kidogo kidogo watu hawastuki. Kibubu mwenyewe angestuka kama si hiyo viza?

#34 Nyanya Chungu
5691 nguo za kike na kiume… mkoba wa kike… 24.99 jumlisha usafirishaji dola 5…

#35 Hesabu Kali
24.99 + 5.00 = 29.99. Mungu wangu. #34 njoo tufungue ofisi ya upelelezi.

#36 Chumvi Nyingi
Nilisema #2 mkanipuuza. Shemeji aitwe uzini.

#37 Kibubu
Acheni uchochezi. Mke wangu hajui hata namba ya siri ya simu yangu. Na mkoba hakuna uliofika nyumbani, ningeuona.

#38 Likoni Feri
Kijana, mke asiyejua namba ya siri ya simu ya mumewe sijamwona tangu nizaliwe. Na mzigo wa kutoka Uchina kwa njia ya kawaida unaweza kuja wiki nyingi baadaye. Kutofika bado si ushahidi.

Mimi nashuku kingine. Simu ikishawahi kuhifadhi kadi kwenye kivinjari, yeyote aliyeishika anaweza kujaza fomu kwa kubonyeza kimoja, na duka lisiloomba OTP likapokea. Simu huwa inashikwa na nani hapo nyumbani?

#39 Kibubu
Mdogo wangu yuko likizo kidato cha sita, anaitumia kuangalia mpira. Nimemuuliza, kaapa. Mashati anayovaa ni yangu, nguo za Hong Kong atazitoa wapi.

#40 Mhasibu wa Mtaa
Kabla familia haijavunjika: MCC inachaguliwa wakati muuzaji anasajiliwa. Aliyesajiliwa kama muuza nguo anaweza kuwa anauza taa za solar au dawa za nywele leo hii. 5691 ichukueni kama kidokezo. Msihukumu mkoba kwa tarakimu nne.

#41 Kobe Mzee
Mimi kisa changu hakikuwa mtandaoni kabisa. Nililipa chakula hotelini, mhudumu akaondoka na kadi "mashine iko kaunta". Dakika kumi. Wiki iliyofuata mikato ya maduka ya nje. Kupiga picha mbele na nyuma ya kadi ni sekunde. Sasa hivi naifuata kadi mpaka kaunta, watu wanione mshamba.

Kibubu umewahi kuiachia kadi mahali?

#42 Kibubu
#41 kwenye kituo cha mafuta, mara nyingi tu. Nipo ndani ya gari, kijana anaenda nayo kwenye mashine.

#43 Fundi Saa
Haya, mkoba ulale, kijana wa sheli aamke.

#44 Dada wa Saa Sita
Swali la pembeni, nisameheni. Huduma ninayohifadhia picha ilikuwa dola 1.99, sasa kwangu inakatwa 2.35. Nimeibiwa au imepanda?

#45 Mhasibu wa Mtaa
#44 zidisha 1.99 kwa 1.18. Ni VAT. Tangu sheria ya fedha ya 2022 watoa huduma za kidijitali walioko nje wanatakiwa kujisajili TRA na kutoza VAT kama duka la hapa. Kuna na kodi ya asilimia 2 ya huduma za kidijitali, hiyo inamkalia mtoa huduma mwenyewe, asikubebeshe kwenye risiti.

#46 Dada wa Saa Sita
2.35 kweli. Asante. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu mwanangu.

#47 Pwani ya Kusini
Kibubu amefunga kadi kwa hiyo hata kama ni malipo ya kila mwezi yameshakufa, sivyo?

#48 Kaunta Namba Nne
Sivyo moja kwa moja. Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya pale kadi inapobadilishwa, kama benki na muuzaji wote wamejiunga nayo. Ndiyo maana mtu anabadilisha kadi na ile huduma ya filamu inaendelea kukata bila kumuuliza. Kwa malipo ya kujirudia, jitoe kwa muuzaji kwanza, au uiambie benki izuie muuzaji huyo kwa jina. Kwa kuwa huu wa Kibubu hauna alama ya kujirudia, kwake siyo tatizo kubwa.

Kadi mpya ikija, ingia kwenye apu ya benki uangalie kama kuna swichi ya malipo ya mtandaoni. Benki nyingi sasa wanayo. Iache imezimwa, uiwashe siku ya kununua.

#49 Mtu wa Ghala
#48 ila Kibubu ajue kupinga muamala siyo bure kila mahali. Kuna benki inatoza ukishindwa. Na ikigundulika mzigo ni wa nyumbani kwako kweli, muuzaji akaleta anuani ya kupokelea, utaonekana wewe ndiye uliyedanganya.

#50 Kibubu
Hilo la anuani nimelipenda. Nimemwandikia PayPal kwa ile ARN, nikawauliza mzigo umetumwa wapi. Wamejibu kwamba taarifa za mnunuzi hawawezi kunipa kwa sababu za faragha, na muamala "unaonekana umelipwa kama mgeni", kama alivyosema #10. Wamesema wataijibu benki ikiwauliza rasmi.

Yaani kadi yangu, hela yangu, faragha ya mtu mwingine.

#51 Binti Tanga
Hapo nawaelewa. Wangempa kila anayeandika anuani ya mtu, ingekuwa balaa kubwa kuliko 79,000. Benki ndiyo mlango wako. Wakikuzungusha, andika malalamiko rasmi wakupe namba ya kumbukumbu, kisha ndiyo unakwenda dawati la malalamiko la BoT. Ukienda BoT bila kupita benki watakurudisha.

#52 Likoni Feri
Nimejaribu kuandika lile jina lake lote kwenye mtandao, alinitumia PM. Yanakuja maduka manne tofauti: moja la mabegi, moja la vifuniko vya viti vya gari, moja la nguo za paka, moja limeshafungwa. Yote chini kabisa ya ukurasa yana jina la kampuni ileile kwa herufi ndogo.

#53 Hesabu Kali
La mabegi lina kitu cha 24.99?

#54 Likoni Feri
Lina vitu vingi vya 24.99. La viti vya gari lina seti ya 29.99, usafirishaji bure.

#55 Chumvi Nyingi
Kibubu gari yako viti vina vifuniko?

#56 Kibubu
Vina. Nilinunua Ilala kwa mkono wangu, keshi, na fundi alivishona nikiwa nimesimama pale. Benki wamesema nisubiri, muuzaji apewe muda wa kujibu. Wakinipa jibu nitaleta.

#57 Kobe Mzee
Fundi wa Ilala anaitwa nani, bei gani seti nzima? Yangu Noah.

#58 Kibubu
#57 njoo PM.

#59 Kijana wa Mbezi
Wakuu nami nina "FACEBK *" ikifuatiwa na herufi kama kumi hivi, 13,200, na sijawahi kutangaza biashara yoyote. Ni nini?

#60 Karani Mstaafu
Ni matangazo yaliyolipiwa Facebook au Instagram. Herufi hizo ni kumbukumbu ya malipo. Ingia sehemu ya malipo ya matangazo kwenye akaunti yako uone kama zipo. Kama hazipo, kadi yako inatangazia biashara ya mtu mwingine, nenda benki leo. Fungua uzi wako utuwekee mistari yote, huu wa Kibubu una shawarma na nguo za paka tayari.